Mguso wa Taulo: Upendeleo wa Ngozi na Maadili ya Raha Ndogo

Kazi ya taulo ya kuogea ni kukausha mwili. Namna inavyohisika ngozini ni jambo jingine. Taulo mbili zaweza kukausha sawasawa, moja ikipita mgongoni kwa ulaini na nyingine ikikwaruza, na watu hawakubaliani ipi ni bora. Wapo wasiotaka taulo isiyo laini, na wapo wanaodai kwamba taulo laini haikaushi na kwamba mwili hauhisi kuoga mpaka usuguliwe. Katika Myanga, kituo cha biashara cha Kaunti ya Bungoma, na hata katika miji ya Bungoma na Kitale, mnunuzi huifinya taulo na kuisugua mkononi kabla ya kuuliza bei. Nyumbani, upendeleo huohuo hutafutwa kwa maji, sabuni, jua na nguvu za mikono.

Jambo hilo dogo linazua maswali mawili ya falsafa. La kwanza linahusu ujuzi: je, ulaini ni sifa ya taulo, au ni hali ya ngozi inayoigusa? La pili linahusu maadili: je, kuutafuta mguso unaopendwa ni haja, ni raha ya halali, au ni anasa? Hayajibiki vizuri kabla ya kujulikana mguso wenyewe unatoka wapi.

Chanzo cha mguso

Taulo nyingi hufumwa kwa uzi wa pamba ulioachwa ujikunje kuwa vitanzi vidogo pande zote mbili za kitambaa. Ufumaji huo ulifika viwanda vya Uingereza kutoka Uturuki. Henry Christy aliziona taulo za vitanzi huko mnamo mwaka 1850, kampuni ya familia yake ikatafuta njia ya kuzifuma kwa mashine, na mwaka 1851 zikaonyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London. Vitanzi huongeza eneo la pamba linalokutana na maji, na ndivyo vinavyoigusa ngozi. Vikiwa virefu na uzi wake ukiwa umesokotwa kwa ulegevu, taulo huwa laini na hunyonya maji mengi, ila hukwama na kuchakaa upesi. Vikiwa vifupi na uzi ukiwa umekazwa, taulo hukwaruza kidogo lakini hudumu.

Uzito wa taulo hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Nyepesi huwa na gramu 300 hadi 400, za wastani 500 hadi 600, na nzito hufika 900. Nzito huonekana ya kifahari dukani, lakini kukauka kwake kunategemea mahali. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale karibu mita 1,900, na kwa hiyo Kitale ina baridi zaidi. Wakati wa mvua nyingi za Aprili na Mei, taulo nzito inaweza kushinda kambani siku nzima na kuanuliwa ikiwa bado na unyevu, kisha ikavunda. Mguso uliopendwa dukani hugeuka harufu nyumbani.

Zaidi ya hayo, taulo mpya hutoka kiwandani ikiwa imetiwa vilainishi ambavyo hupungua kila inapofuliwa. Mkono unaoishika dukani unaishika pamba pamoja na dawa iliyoifunika, ilhali taulo ya mitumba imekwisha kufuliwa mara nyingi, na inachohisi mkono ni kitambaa chenyewe kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa hiyo mnunuzi anayeidharau ya mitumba kwa kuwa si laini kama mpya huenda analinganisha pamba na kilainishi.

Kufua, kusuuza na kuanika

Ufuaji unaweza kuutunza mguso au kuubadili kabisa. Taulo mpya hufuliwa kabla ya kutumiwa, ili dawa za kiwandani zipungue na vitanzi vianze kunyonya. Sabuni hutiwa kwa kiasi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu, yaani maji yenye chumvi nyingi za kalsiamu na magnesi, hufanya utando usioyeyuka, na utando huo ukibaki kwenye nyuzi huifanya taulo kuwa ngumu na yenye rangi ya kijivu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati hayana chumvi hizo, kwa hiyo povu lake huja upesi na sabuni ndogo hutosha. Taulo hufikichwa, kisha husuuzwa mpaka maji yatoke bila povu. Siki kidogo katika maji ya mwisho husaidia kuondoa mabaki, ila haichanganywi kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Dawa za kulainisha nguo zina utata wake. Huacha tabaka jembamba la mafuta juu ya nyuzi, hivyo kitambaa huteleza na kuhisika laini, lakini tabaka hilo huyazuia maji kuingia kwenye pamba. Zikitumiwa kila mara, taulo huzidi kupendeza mkononi na kupungukiwa na uwezo wa kukausha.

Hatua ya mwisho ni kuanika. Taulo iliyokaushwa kambani bila kuguswa hukakamaa. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido nchini Japani walichapisha uchunguzi uliohusisha hali hiyo na maji machache yanayobaki yamejishika kwenye nyuzi za pamba hata baada ya kitambaa kuonekana kikavu. Maji hayo huziunganisha nyuzi jirani kama gundi. Ndiyo maana kuikung'uta taulo kabla ya kuianika, na kuikung'uta tena inapokaribia kukauka, huilegeza. Upepo hufanya kazi hiyohiyo, ilhali pasi hulaza vitanzi na kuufuta mguso. Taulo ileile, kwa sabuni ileile, inaweza basi kuanuliwa ikiwa laini siku ya upepo na ikiwa ngumu siku ya jua lililotulia.

Ulaini uko wapi?

Swali la kwanza linarudi hapo. Ikiwa sifa hubadilika kwa upepo na kwa kukung'uta, je, ni sifa ya taulo? Demokrito wa Ugiriki ya kale alishikilia kwamba utamu, uchungu, joto na baridi viko katika desturi za hisia, na kwamba kilichopo kwa hakika ni atomu na utupu. John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1690 kuhusu ufahamu wa binadamu, alitoa mfano ambao kila aliyeoga kwa beseni anaweza kuujaribu: maji yaleyale huhisika ya baridi kwa mkono mmoja na ya moto kwa mwingine, ikiwa mikono hiyo imetoka katika hali tofauti. Maji hayawezi kuwa ya moto na ya baridi kwa wakati mmoja. Hivyo Locke alitofautisha sifa zilizomo ndani ya kitu, kama umbo na ukubwa, na sifa ambazo ni uwezo wa kitu wa kuamsha hisia ndani ya anayekigusa.

Taulo inaingia vizuri katika mfano huo. Mkono wa mkata miwa, uliokomaa kwa panga, hauhisi vitanzi ambavyo shavu la mtoto mchanga huvihisi mara moja. Mtu mmoja mwenyewe ana ngozi za aina nyingi, kwani kisigino hakisemi linalosemwa na kope. Sayansi ya leo imeongeza maelezo bila kuubadili msingi wa hoja. David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 kwa kugundua vipokezi vya mwili vinavyotambua joto na mguso. Inajulikana pia kwamba ngozi yenye vinyweleo ina neva zinazoitikia kupapaswa polepole, na kwamba hisia hupungua mguso unapoendelea: anayejifunika taulo huihisi anapojifunika, kisha huisahau.

Kutokana na hayo wengine huamua kwamba ulaini ni wa kubuni na kwamba mjadala wote ni wa bure. Uamuzi huo unaruka hatua. Ulaini ni uhusiano kati ya vitanzi vya namna fulani na ngozi ya namna fulani, na uhusiano ni jambo la kweli. Unaweza kutabirika, kwa kuwa vitanzi vikipakwa utando wa sabuni, karibu kila ngozi itahisi ugumu. Unaweza pia kuelezwa kwa sababu zake. Kisichowezekana ni kutaja kiasi cha ulaini wa taulo bila kutaja ni ngozi ya nani na katika hali gani.

Je, upendeleo unaweza kukosea?

Methali husema kipendacho moyo ni dawa. Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu uwezo wa kuamua cha mwaka 1790, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine: aliitenga raha ya hisia na uzuri, akasema kwamba katika kinachoburudisha hisia kila mtu ana ladha yake, wala hawezi kuwadai wengine wakubaliane naye. Mguso wa taulo ungeangukia upande huo, na anayependa ya kukwaruza hana deni la hoja kwa yeyote.

David Hume, katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha ya mwaka 1757, aliona nafasi kati ya amri na fujo. Kwake, hisia hazina kosa zenyewe, lakini mwenye hisia anaweza kuwa mwamuzi mbaya kwa kukosa mazoezi, kwa kutolinganisha au kwa kutawaliwa na dhana alizotangulia nazo. Hume alikuwa akizungumzia sanaa na uandishi, ila vipimo vyake vinafaa hapa, na vinaonyesha makosa matatu ambayo upendeleo unaweza kuwa nayo. La kwanza ni la kitu: mtu anadhani anapenda pamba ya taulo fulani, kumbe anapenda kilainishi kitakachoondoka. La pili ni la sababu: mtu anailaumu taulo kuwa ni mbovu, ilhali ubovu umetoka kwenye sabuni isiyosuuzika. La tatu ni la lengo: mtu anatafuta ulaini kiasi kwamba taulo haifanyi tena kazi iliyonunuliwa kuifanya. Anayesahihishwa katika makosa hayo haambiwi apende kingine. Anapewa nafasi ya kujua anachokipenda, na kikibaki kilekile baada ya kulinganisha, kauli ya Kant inasimama.

Haja, raha na anasa

Swali la pili ni la kiasi. Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aligawa matamanio kuwa ya asili na ya lazima, ya asili yasiyo ya lazima, na ya bure yasiyotokana na asili wala haja. Alifundisha pia kwamba maumivu ya upungufu yakishaondolewa, raha ya mwili haiongezeki tena, bali hubadilika tu sura. Kukauka baada ya kuoga katika asubuhi ya baridi ya Kitale ni haja. Kukaushwa na kitambaa laini ni mabadiliko ya sura ya raha hiyo, ya asili na yasiyo ya lazima. Kutaka taulo kwa sababu wageni wataiona ikining'inia na kuithamini ni tamaa ya aina ya tatu, na haihusu ngozi hata kidogo.

Aristotle aliweka sifa ya kiasi hasa katika raha za kugusa na kuonja, zile ambazo binadamu anashirikiana na wanyama. Lakini katika maelezo hayohayo aliziondoa raha za kusuguliwa na kupata joto katika viwanja vya mazoezi, akaziona kuwa za kiungwana, kwa kuwa mguso wa asiye na kiasi hauhusu mwili mzima bali sehemu fulani tu. Mwili unaokaushwa kwa taulo baada ya kuoga uko karibu na mfano huo kuliko karibu na ulafi.

Mkondo mwingine wa fikra uliuheshimu ugumu wenyewe. Seneka, mwanafalsafa wa Roma, aliandika kwamba hata uzeeni alilalia godoro lisilobonyea. Injili zinamweleza Yohana Mbatizaji akiwa amevaa vazi la manyoya ya ngamia, na masufi wa mwanzo walivaa sufu ya kukwaruza. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, kijana anayetahiriwa mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa hupakwa tope baridi mtoni alfajiri na kurudi nyumbani bila nguo, akionyesha kwamba mwili wake unaweza kuvumilia. Hata hivyo mapokeo hayo hayafanani. Seneka alitaka uhuru dhidi ya mazoea, walioikana dunia walitaka moyo usigawanyike, na mtahiriwa anavuka daraja la umri kisha anatunzwa. Katika yote, ugumu ni njia ya kufikia jambo jingine. Taulo ngumu iliyotokana na uvivu wa kusuuza haiingii katika orodha hiyo.

Taulo katika ibada

Dini zilizopo katika eneo la Bungoma na Kitale zinaikuta taulo mahali tofauti. Kwa Waislamu, ambao katika eneo jirani la Mumias wana historia tangu enzi za mfalme Nabongo Mumia na wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, suala la kwanza ni kama maji ya udhu na ya josho yafutwe. Imepokewa kutoka kwa Maimuna, mke wa Mtume, kwamba alimletea kitambaa baada ya josho naye hakukichukua. Wanazuoni walitofautiana kuhusu maana ya tendo hilo. An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye ni mmoja wa wakubwa wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa zaidi Afrika Mashariki, alitaja kauli tano ndani ya madhehebu hayo, akaona iliyo mashuhuri ni kwamba kuacha kujifuta ni bora, bila kusema kwamba kujifuta kunachukiza. Mguso hauingii katika hukumu hiyo. Kinachoingia ni tohara: taulo inaweza kuwa laini na yenye najisi, au ngumu na tohara. Ufuaji una hivyo kipimo cha pili ambacho vidole havikioni. Vilevile, hariri ilikatazwa kwa wanaume, lakini pamba laini haikukatazwa, kwa hiyo ulaini peke yake haukufanywa haramu.

Kwa Wakristo, taulo inapata nafasi yake kuu katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, ambapo Yesu anajifunga kitambaa kiunoni, anawaosha wanafunzi miguu na kuwafuta. Wakatoliki, ambao jimbo lao la Bungoma liliundwa mwaka 1987, hukumbuka tendo hilo Alhamisi Kuu, na Waadventista Wasabato huoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Bungoma, kwa mapokeo yao hawana sakramenti za nje, na husisitiza maisha ya wazi yasiyo na mapambo. Kwao swali la taulo lingekuwa kama kitu kinafaa kazi yake bila kumwinua mwenyewe. Mapokeo hayo ya Kikristo yanakutana katika jambo moja: katika simulizi ya Yohana, mwenye kitambaa hajikaushi mwenyewe.

Taulo ya mwingine

Mpaka hapo upendeleo umechukuliwa kama jambo la mtu na ngozi yake. Nyumbani, taulo hupita mikono mingi. Mtu anaweza kuichagua, mwingine akaifua, na wa tatu akaitumia.

Wa kwanza kuangaliwa ni anayefua. Taulo ya sentimita 140 kwa 70, yenye gramu 600 kwa mita ya mraba, ina karibu gramu 590 ikiwa kavu, na ikilowa hubeba maji yenye uzito unaozidi wake. Kuikamua kwa mikono ni kazi ya vifundo na mabega. Pale maji yanapochotwa, kila jerikeni la lita 20 ni kilo 20 kichwani au kwenye baiskeli, na kusuuza mpaka povu liishe hula majerikeni. Kazi hiyo mara nyingi huwaangukia wanawake na wasichana, au mama fua anayelipwa. Mwenye kupenda taulo nzito iliyosuuzwa mara tatu anapenda kitu ambacho bei yake hulipwa kwa mwili wa mtu mwingine. Raha hiyo haiwi haramu kwa sababu hiyo, ila haiwezi tena kuitwa jambo lake peke yake. Haki inamtaka aipunguze kazi hiyo, aifanye mwenyewe, au ailipe ipasavyo.

Wa pili ni anayekaushwa na wengine. Mtoto mchanga hafikishi upendeleo wake kwa maneno, na mgonjwa huenda anaona haya kuusema. Ngozi ya mzee huwa nyembamba na huchubuka kwa kusuguliwa, hivyo hukaushwa kwa kubonyezwa taratibu. Familia nyingi humkausha mtoto kwa leso iliyolainika kwa kufuliwa, nayo hukauka upesi kuliko taulo. Katika hali hizo ulaini ambao kwa mtu mzima mwenye afya ni raha isiyo ya lazima huwa haja. Ngazi za Epikuro hazipimwi kwa kitu chenyewe. Zinahesabiwa kwa hali ya anayekitumia.

Wa tatu ni mgeni. Upendeleo wake haujulikani, na kumuuliza kwaweza kumwaibisha. Kanuni ya busara ni kumpa taulo isiyoweza kumdhuru: safi, kavu, isiyokwaruza, na yake peke yake. Upele huweza kuenea kwa taulo za kushirikiana, na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, huenezwa pia na vitambaa vya uso vinavyotumiwa na watu wengi. Hapo usafi hutangulia mguso bila mjadala.

Mambo haya yanapangika kwa daraja. Afya na tohara ya anayetumia huja mwanzo, ikifuatwa na uwezo wa taulo kukausha, kisha gharama yake kwa maji, fedha na mikono ya wengine. Matatu hayo yana hoja za kuthibitisha na kukanusha, na mtu anaweza kukosea ndani yake. Yakishatimia, kinachobaki ni ngozi na inachopenda, na hapo apendaye taulo ya kukwaruza na apendaye laini hawana cha kubishania.